Umeshinda kesi na mdaiwa hakulipi? Hivi ndivyo mawakili wanavyozifuata pesa zake zikiwa mikononi mwa watu wengine

Nina miaka mingi nazurura na mafaili pale korti za Mombasa, kutoka rejista hadi kaunta za benki za Nkrumah Road na kurudi, na kama kuna neno limenichosha masikio ni hili: "Hukumu ninayo, pesa sina." Mtu kashinda kesi, kafurahi, kanunulia ofisi nzima soda, halafu baada ya miezi sita yuwaja na ile karatasi imekunjika mfukoni mpaka maandishi yanafutika, auliza sasa hii nikaifanyie nini. Watu wadhani hukumu ni pesa. Hukumu si pesa jamani, hukumu ni ruhusa ya kwenda kuitafuta pesa, na kuitafuta ni kazi yako wewe na wakili wako, hakimu hatatoka kitini akakutafutie.

Njia ya dalali kila mtu aijua. Dalali aenda na lori, abeba sofa, friji, TV, vinauzwa. Lakini ukimkuta mdaiwa mjanja, gari lina jina la benki kwenye logbook, nyumba ni ya mamake, sofa zenyewe spring zishatoka, dalali atakuletea bili yake na mikono mitupu. Na mtu huyo huyo asiyekuwa na kitu cha kubebwa, kila mwisho wa mwezi kuna watu wanamlipa. Mpangaji amlipa kodi. Kampuni imempa kazi, haijammalizia. Benki ina salio lake. Hao ndio mlango wako. Sheria yakuruhusu kumwambia yule anayemlipa mdaiwa wako: usimlipe yeye, nilipe mimi. Mawakili waiita ganishii, na yule mtu wa tatu anayeshikiwa pesa naye huitwa ganishii vilevile, msichanganyikiwe. Iko kwenye Oda ya 23 ya zile kanuni za kesi za madai za 2010 (hiyo oda ni kama sura ya kanuni, si amri ya korti).

Nitawaeleza nikitumia kesi moja tuliyoifanya, majina nimeyaacha. Mama mmoja wa Majengo alikuwa apeleka chakula cha mchana kwa wafanyakazi wa kampuni ya klaringi (wale wanaowatolea watu mizigo bandarini), pilau, wali na samaki, chapati, kila siku ya kazi, kwa deni, wakaendelea hivyo karibu mwaka na nusu. Walipoacha kulipa akaenda kortini, akapewa shilingi 640,000 na gharama za kesi. Kampuni ikafunga ofisi yake ya Moi Avenue, mkurugenzi akawa simu hashiki.

Kwanza karatasi zako ziwe sawa

Hapa nitapita haraka kwa sababu ni kazi ya kuchosha, ila ukiikosea hapa mengine yote yaanguka.

Unahitaji dikrii, si hukumu peke yake. Dikrii ni ile karatasi fupi yenye muhuri inayosema nani amlipe nani kiasi gani. Wakili aandika rasimu, ampelekea mwenzake wa upande wa pili aikubali, akinyamaza siku 7 waweza kumwandikia msajili akaitia sahihi na muhuri. Kama hukumu ilitoka kwa sababu mdaiwa hakujitokeza kabisa, lazima kwanza apewe taarifa ya hukumu na zipite siku 10 kabla ya kuanza kumkamua. Kama dikrii imelala zaidi ya mwaka mmoja bila kufanyiwa chochote, mdaiwa lazima aitwe kwanza aje aseme kwa nini isitekelezwe. Na ikilala miaka 12 imekufa, hilo usiniulize mara mbili. Riba nayo, ile ya nyuma zaidi ya miaka 6 huwezi kuidai.

Ukiwa High Court na gharama hazijakadiriwa, omba ruhusa kwanza au subiri zikadiriwe. Na angalia kama kuna oda ya kusimamisha utekelezaji kwa sababu ya rufaa, au kama korti ilimruhusu mdaiwa alipe kidogo kidogo na bado analipa. Ukimshikia mtu pesa zake huku oda ya kusimamisha ipo utajuta.

Halafu piga hesabu. Ya mama ilikuwa hivi: 640,000 ya dikrii, 85,000 gharama, riba ya asilimia 12 kwa mwaka kwa miezi 10 ni 64,000, jumla 789,000. Iandike hiyo hesabu kwenye karatasi moja safi maana utaulizwa, na hakimu hapendi kuona namba tatu tofauti kwenye kurasa tatu.

Pesa ziko kwa nani

Hapa ndipo utapata au utakosa, na hapa ndipo watu huruka, wakimbilia kuandika ombi. Ombi la ganishii si barua ya kubahatisha. Hati ya kiapo lazima iseme kwamba mtu fulani, mwenye jina, yuko humu nchini na anawiwa na mdaiwa wako (yaani ana deni la kumlipa mdaiwa wako). Huwezi kuandika orodha ya benki zote za Kenya ukamwambia hakimu angalia mwenyewe. Wako wanaojaribu, hutoka na gharama za kulipa.

Basi mwanzo ni faili yako mwenyewe. Yule mama alikuja na mfuko wa plastiki umejaa vikaratasi vya kupokelea chakula, vingine vina alama za mchuzi, nikavimwaga mezani nikaanza kupanga kwa tarehe. Katikati ya vikaratasi ikatoka cheki. Ilikuwa ya 48,000, imerudi, imepigwa stempu ya kurudishwa, mama ameihifadhi kwa hasira tu. Akaniambia, "Hiyo itupe mwanangu, ilirudi, haina faida." Nikamwambia mama hii ndiyo karatasi ya maana kuliko zote kwenye huu mfuko. Angalia cheki yoyote chini: jina la mwenye akaunti kama lilivyo benki, namba ya akaunti, benki gani, tawi gani. Cheki iliyorudi haikukupa pesa lakini imekuonyesha mlango.

Sehemu nyingine za kutafuta: chini ya invoisi za mdaiwa, pale wanapoandika "lipa kwa akaunti namba". Slipu za benki ulizowahi kumlipia wewe mwenyewe. Mikataba ya kukodi. Picha za WhatsApp, wallahi, watu wajiposti wenyewe, "leo tumetoa kontena nane za mteja wetu fulani", mteja huyo sasa ndiye wa kuulizwa. Kama mdaiwa ni mwenye nyumba, wapangaji wajua walipa wapi. Kama ni kontrakta, angalia ubao ulioko mbele ya jengo anapojenga, jina la mwenye mradi limeandikwa kwa herufi kubwa.

Kisichofaa ni kumpa kijana wa benki kitu kidogo akuchungulilie salio. Nimeona wakitamba nayo hiyo. Benki ina wajibu wa siri kwa mteja wake, kuna sheria ya kulinda data ya 2019, na juu ya hayo hati yako ya kiapo lazima iseme habari umezipata wapi, sasa utaandika nini, "nimeambiwa na kijana wa kaunta namba 4"?

Njia halali ya kuuliza iko na ni tamu. Oda ya 22 yakuruhusu kuomba mdaiwa aitwe aje ahojiwe kwa kiapo juu ya mali yake na nani anawiwa naye, na akiwa kampuni aitwe ofisa wake aje na vitabu vya hesabu. Tulimwita yule mkurugenzi. Alikuja na faili ndani yake mna cheti cha kusajiliwa kampuni na kalenda, basi. Wakili wetu hakumuuliza "mna pesa?" kwa sababu jibu lajulikana. Alimuuliza, "Mwezi uliopita mlimtolea nani mizigo bandarini?" Akafikiri ni swali la porojo, akajibu: mfanyabiashara mmoja wa Shimanzi, mchele, kontena kadhaa. "Amewalipa?" "Bado, hao hulipa baada ya siku 60." Karani wa korti akaandika. Kumbe kwa kinywa chake, kwa kiapo, kashatuambia nani anawiwa naye na pesa bado hazijatoka. Mtu aweza kuficha pesa alizonazo, lakini wateja wanaowiwa naye hawafichi kwa sababu wao ndio sifa zake.

Deni gani lashikika na gani halishikiki

Kanuni ya kukumbuka: liwe ni deni lililopo leo, hata kama siku ya kulipa ni kesho kutwa. Yule wa Shimanzi kazi ilikwisha fanywa, invoisi ipo, ni siku tu zinasubiriwa, hilo lashikika. Kodi ya nyumba ya mwezi uliokwisha, mpangaji hajalipa, yashikika. Kodi ya mwezi wa Disemba na sasa ni Agosti, hiyo bado si deni, mpangaji aweza kuhama kesho. Kontrakta ambaye sertifiketi ya kazi yake haijatolewa na msanifu na mkataba wasema alipwa kwa sertifiketi, subiri itoke kwanza.

Benki ni rahisi kuielewa ukijua kitu kimoja ambacho majaji wa Uingereza walikisema tangu 1848: pesa ukishaiweka benki si yako tena, ni ya benki, na benki inawiwa na wewe. Ndiyo maana salio lashikika kama deni lolote. Hata akaunti ya akiba ambayo kwa kawaida yataka notisi au kitabu ndipo utoe, kanuni zasema hayo masharti hayazuii. Lakini akaunti ikiwa imechovya chini ya sifuri, hapo mteja ndiye anayewiwa na benki, hakuna kitu cha kushika.

Mitego sasa. Akaunti ya watu wawili, mume na mke tuseme, na dikrii ni ya mume peke yake, usiiguse, hilo ni deni la wote wawili. Akaunti ya kampuni kwa deni la mkurugenzi binafsi, au kinyume chake, hapana, kampuni ni mtu mbali na mwenyewe ni mtu mbali, hata kama kampuni nzima ni yeye na mkewe na kijiduka kimoja Kongowea. Pesa za mteja zilizoko kwenye akaunti ya wakili si za wakili, kwa hivyo ukimdai wakili usizishike hizo, ila kama mdaiwa wako ameuza shamba na pesa zake ziko kwa wakili wake, hizo ni zake na waweza kuzifuata. Mshahara una njia yake mbali kwenye Oda ya 22, na sheria humwachia mtu sehemu ya kula, usilete kwa njia hii. Pensheni inalindwa na sheria ya mafao ya kustaafu. Na kampuni ikiwekwa chini ya msimamizi kwa sheria ya ufilisi ya 2015 simama hapo hapo, pata ushauri.

Serikali je? Kwa sababu hapa kwetu nusu ya mji wafanya biashara na serikali au kaunti. Ukiidai serikali au kaunti huwezi kushika akaunti zake benki, hiyo imekatazwa na sheria ya kesi za serikali. Wachukua cheti cha oda, wampelekea ofisa mhasibu, asipolipa warudi High Court kuomba amri ya kumlazimisha. Mashirika mengine ya umma nayo yana kinga kwenye sheria zao, isome sheria ya shirika lenyewe kabla hujalipia ombi. Na kama serikali ndiyo inayowiwa na mdaiwa wako, hapo pia si ganishii ya kawaida, kuna ombi lake maalum High Court.

Ombi lenyewe

Laingizwa kwenye kesi ile ile ya zamani, korti ile ile iliyotoa dikrii, hufungui kesi mpya. Siku hizi ni mtandaoni, walipa kwa simu, sio ile ya zamani ya kupanga foleni rejista tangu saa mbili. Na lasikizwa upande mmoja kwanza, yaani mdaiwa hajui. Hii ndiyo nguvu yake yote. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini hawakuwa wakifuata akaunti ya kampuni ya klaringi. Usimwandikie mdaiwa barua ya "tutashika akaunti yako" ndani ya siku 7, mbona wampa mtu siku 7 za kuhamisha pesa? Weka hati ya dharura, mwambie hakimu kwa nini haraka.

Hati ya kiapo yaweza kuapwa na mteja au wakili. Ndani yake: dikrii ipo, bado haijalipwa, kiasi kilichobaki ni hiki, fulani yuko Kenya na anawiwa na mdaiwa, na twajua kwa sababu hii na hii. Ambatisha dikrii, hesabu, cheki, invoisi, maandishi ya yale mahojiano. Na kwa kuwa mwenzako hayupo, sema na yale yasiyokupendeza: kama mdaiwa amelipa 50,000 mwezi wa tatu iandike, kama kuna rufaa iandike. Ukificha na ikajulikana, oda yafutwa na jaji atakukumbuka mwaka mzima.

Andika kiasi kwenye oda unayoomba. Kama wadai 789,000 usiombe akaunti yenye milioni 8 ifungwe yote, mishahara ya watu iko humo.

Na majina! Nitakiri kosa letu. Dikrii ilikuwa na jina la kampuni kamili, sisi kwenye rasimu ya oda ya benki tukaruka neno moja la katikati. Oda ikatoka, nikaipeleka benki, yule dada wa kitengo cha sheria akaangalia skrini, akaangalia karatasi, akasema "Huyu si mteja wetu." Nikamwonyesha namba ya akaunti. Akasema namba ni sawa lakini jina si hili, na hapo alikuwa na haki. Tukarudi kurekebisha, zikapita siku 8, na katika hizo siku 8 mwenye mali akapata harufu. Oda ya pili ilipofika salio lilikuwa 11,350. Mama alinitazama tu, hakuniambia neno, na ni afadhali angenitukana. Tangu siku hiyo jina nalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, dikrii mkono huu na oda mkono huu.

Kusavu

Kusavu ni kuwapelekea wahusika karatasi za korti. Oda ya kwanza inayotoka ni ya muda, mawakili waiita nisai. Yasema deni limeshikwa na ganishii aje kortini siku fulani aseme kwa nini asilipe. Lazima apelekewe siku 7 au zaidi kabla ya hiyo tarehe, na mdaiwa naye apelekewe isipokuwa korti iseme vingine. Mpangilio ni huu: ganishii kwanza, mdaiwa baadaye. Dakika ganishii anapopokea, deni limefungwa mikononi mwake. Ukimpelekea mdaiwa kwanza umempa nafasi ya kupiga simu.

Kampuni yapelekewa kwa katibu, mkurugenzi au ofisa mkubwa, si kwa askari wa geti. Benki, tawi litakupokea lakini peleka na makao makuu Nairobi siku hiyo hiyo. Na taka stempu yenye saa, si tarehe tu, maana pesa zikitoka siku ile ile swali litakuwa zilitoka kabla ya saa tatu na dakika kumi na mbili au baada.

Yule wa Shimanzi nilimpelekea mwenyewe. Godauni, magunia ya mchele mpaka juu, vijana wa mkokoteni wanaingia na kutoka, mzee amekaa nyuma ya meza ndogo na kahawa yake. Nikamwamkia shikamoo, nikajieleza, nikampa. Akavaa miwani, akasoma, uso ukabadilika.

"Mimi sikukosana na mtu, mbona mwaniletea korti?"

"Mzee, korti haikushtaki wewe. Yasema ile pesa ya klaringi usiwape hao, ingoje."

"Nao wakinidai? Jana wamepiga simu."

"Waonyeshe hii karatasi. Ukiwalipa wao baada ya leo, korti yaweza kukwambia ulipe tena. Ukilipa kwa oda ya korti, deni lako kwao limekwisha, hawana la kukudai."

Akauliza mara mbili hilo la mwisho. Nikamweleza mara mbili. Akapiga muhuri akatia sahihi na akaniagizia kahawa. Hii ndiyo sehemu ambayo mawakili wengi huipuuza, watuma karatasi na mtu mkali anayetishia, ganishii aogopa aenda kutafuta wakili wa kukataa kila kitu. Ganishii si adui yako. Yeye hataki hasara wala kesi, mwambie ukweli kwamba karatasi hii inamlinda. Ila usimshauri kama wakili wake, mwambie pia yuko huru kutafuta wake.

Ukitoka hapo andika hati ya kiapo ya kusavu siku hiyo hiyo, saa, mahali, nani amepokea, alisema nini.

Siku ya korti

Mambo huenda njia tatu. Ganishii akikubali deni, au asipokuja kabisa, korti yaweza kutoa oda ya mwisho alipe, na asipolipa atekelezewe yeye kama mdaiwa. Asiyekuwepo na lake halipo, hapa ni sheria kabisa. Akikataa deni, korti haitamlazimisha hivi hivi, suala lasikizwa kama kesi ndogo, na ushahidi wa kwamba deni lipo ni mzigo wako. Na akitokea mtu mwingine akisema hizo pesa ni zangu, aitwa naye asikizwe.

Majibu ya benki nayajua kwa moyo: akaunti haina kitu, akaunti imechovya, pesa ni dhamana ya mkopo, ni ya watu wawili. Mengine ni kweli. Taka waapie na waambatishe taarifa ya akaunti inayoonyesha siku na saa ulipowapelekea. Mkopo uliokuwepo kabla ya oda waweza kukatwa kwenye salio, lakini benki ikileta hesabu ya mkopo uliozaliwa baada ya stempu yako, inuka uongee. Na benki yaomba gharama zake, kwa hivyo tulipoona ile 11,350 tukaiachilia, kuipigania kungekula zaidi ya yenyewe.

Mzee wa Shimanzi alikuja na kijana wake na mafaili. Akasema invoisi ni mbili, jumla 912,000. Moja ya 612,000 hana neno nayo. Ya 300,000 anabishana, kontena zilichelewa kutoka na yeye akatozwa pesa za kuchelewa, anataka kukatwa. Jibu safi kabisa. Korti ikatoa oda ya mwisho kwa zile 612,000 na ile 300,000 ikapangiwa tarehe ya kusikizwa. Wakili wa kampuni akasimama kusema wateja wake wataumia, hakimu akamuuliza mama wa chakula yeye hajaumia?

Pesa zikifika

Zaingia akaunti ya wakili ya wateja au zawekwa kortini, kulingana na oda ilivyosema. Mpe ganishii risiti na barua kwamba deni lake kwa mdaiwa limepungua kwa kiasi hicho. Ijulishe korti kilicholipwa ili faili ionyeshe kimebaki nini. Kwetu kilibaki 177,000. Na kama oda ilishika zaidi ya deni, andika mara moja iachiliwe iliyozidi, usikalie pesa za mtu kwa kumkomoa.

Ile tarehe ya 300,000 haikufika. Jumatatu iliyofuata yule mkurugenzi ambaye simu hakuwa ashika alipiga mwenyewe, saa mbili asubuhi, ofisi hata hatujafagia. Alikuwa amesikia kwamba twauliza majina ya wateja wake wengine, na hilo lilimuuma kuliko dalali. Akalipa ile 177,000 kwa awamu 3, tukaandikiana makubaliano, yakaingizwa kortini, mzee wa Shimanzi akaachiliwa abishane nao wenyewe. Mama bado apika, ila siku hizi kampuni zalipa kila Ijumaa kabla sufuria haijafunuliwa.